Matanga ya Nathanael Yasubiri

Rubya, 26 Novemba 1978

Mwanangu Rwegasira,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku tu wazima, kwa kiasi cha watu wanaolala masikio yakiwa wazi. Mama yako mkubwa, Ma Anatolia, anakusalimu. Mguu bado unamsumbua, ila haujamzuia kwenda kibanjani, kwenye migomba, kila asubuhi na kuninung'unikia kila jioni. Sabuni tumeisahau. Chumvi tunagawana na jirani kwa kijiko. Lakini senene wameanguka kwa wingi mwaka huu, tunawakaanga kila jioni, utadhani walijua kwamba tutakuwa na wageni.

Wageni wenyewe ni dada yako Klaudia na wanawe watatu. Walifika Jumanne iliyopita kutoka ng'ambo ya Mto Kagera, sehemu kwa miguu, sehemu juu ya lori la viazi. Watoto hawajambo. Huyu mdogo hataki kushuka mgongoni.

Nathanael hakuja nao. Askari wa Uganda walipoingia kwenye ranchi aliyokuwa akifanya kazi, walikusanya ng'ombe wote, wakamwamuru yeye na wachungaji wengine wawili wawaswage kuelekea mpakani. Klaudia alikuwa amejificha kwenye mihogo. Alimwona mumewe kwa mgongo, nyuma ya ng'ombe, akiwa na fimbo yake na ile kofia ya soksi. Tangu hapo hakuna neno.

Kaka yake Nathanael, mzee wetu Ta Kagaruki, anakuja hapa kila siku. Anakaa, anauliza kama kuna barua, anaondoka. Unajua kibanja chao kimepakana na changu, na unajua kwamba mtu akifa lazima ukoo umkalishe mrithi mahali pake. Sisemi kwamba Kagaruki anakitaka kibanja cha ndugu yake. Nasema hapendi jambo linaloning'inia.

Nimesikia kikosi chenu cha mgambo kimepewa kulinda mateka katika ghala la zamani la kahawa huko Bukoba. Huenda mmoja wao alipita njia ile, au amesikia watu walioswaga ng'ombe walipelekwa wapi. Uliza, mwanangu. Uliza kwa bidii, usichoke. Klaudia halii, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Barua hii anaichukua Hamidi, dereva wa lori. Ana haraka, na mimi unanijua.

Baba yako mkubwa,
Damian Rugemalira


Bukoba, 9 Januari 1979

Baba mkubwa, shikamoo. Na Ma Anatolia shikamoo.

Mimi mzima. Chakula tunapata, mvua inatunyeshea. Ndege za adui hazijarudi tangu mwezi wa kumi na moja, na watu waliokimbilia vijijini wanaanza kurudi mjini. Juzi nimepandishwa, sasa ni koplo. Nimekabidhiwa zamu ya watu tisa na mateka thelathini na wanne.

Nimefanya ulivyoniagiza. Habari niliyoipata ni nzito. Yupo mateka mmoja, jina lake Mutyaba, mtu wa Masaka, dereva wa lori la jeshi lao. Amesema wachungaji watatu walipigwa risasi darajani, siku ya Ijumaa, kwa sababu ng'ombe walikuwa wakikataa kuvuka. Mmoja alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya soksi. Ni Nathanael, baba mkubwa. Hakuna haja ya kujidanganya.

Mwambie Klaudia kwa namna unayojua. Mwili hautapatikana. Ta Kagaruki afanye yanayotakiwa, wazike mgomba badala ya mwili kama desturi inavyoruhusu, matanga yakae, mrithi akalishwe, watoto wapate pa kusimama. Nimemweleza Hamidi pia kwa mdomo, barua isije ikapotea.

Usiniulize zaidi. Kazi ni nyingi.

Rwegasira


Rubya, 21 Januari 1979

Mwanangu Rwegasira,

Amani iwe nawe. Ng'ombe wetu mwekundu amezaa jike. Ma Anatolia amempa jina la cheo chako, kwa hiyo siku hizi kila asubuhi nasikia, "Koplo, toka kwenye maharage!" Nakupongeza kwa cheo.

Barua yako ilitanguliwa na mdomo wa Hamidi. Kabla sijafungua bahasha, alikwisha kumpa pole Ta Kagaruki pale sokoni, na Kagaruki akaja hapa na panga mkononi. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanja cha ndugu yake, akachagua mgomba, akaukata, akaulaza chini tayari kwa kuviringishwa sanda. Wanawake wawili walikwisha anza kulia. Klaudia alitoka jikoni na mikono yenye majivu, akauliza neno moja tu: "Aliyesema hivyo alimwona kwa macho yake?"

Nikamwambia Kagaruki, "Ngoja kwanza."

Akasema, "Ta Damian, wewe ulikuwa hakimu, umezoea kesi zinazokaa miaka. Marehemu hangoji."

Nikamjibu, "Marehemu ndiye mtu pekee anayeweza kungoja. Aliye hai ndiye anayeharibikiwa tukikosea. Ukishamkalisha mrithi, na mwenyewe akatokea kesho pale njiani, utamkalisha wapi?"

Amenipa muda mpaka Pasaka. Mgomba umelala palepale.

Sasa vumilia maelezo yangu. Nilipokuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, baada ya yale mafunzo ya Mzumbe, nilizoea kumwuliza shahidi jinsi alivyojua kabla ya kumwuliza alichojua. Nakuuliza wewe vivyo hivyo. Ijumaa ipi? Huyu Mutyaba alikuwa wapi siku hiyo, na alikamatwa lini? Neno "mfupi" na neno "kofia ya soksi", yalitoka kinywani mwake yenyewe, au ulimwuliza, "Je, alikuwa mfupi? Je, alikuwa na kofia?" Na je, hapo ulipomwuliza, alikuwa amekaa au amelala chini?

Usikasirike. Nchi yetu, tulipojitawala tu, ilikubali kufungwa na Mikataba ya Geneva. Wa tatu ni wa mateka wa vita. Mkataba huo unasema mateka halazimiki kutaja zaidi ya jina lake, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi. Akinyamaza juu ya mengine yote, hana kosa. Hapigwi, hatukanwi, hanyimwi maji ili aseme, na hawekwi mbele ya watu wamtazame. Mkataba hauulizi kwanza kama jeshi lake ni jema. Jeshi jema lisingehitaji kuandikiwa mkataba. Najua walivyotutenda, nina watoto watatu wa ushahidi wanaolala chumba cha nyuma. Lakini mtu aliyetupa silaha na kuinua mikono amekwisha toka vitani. Ukimpiga, hupigani na Uganda. Unapiga mtu aliye chini ya dhamana yako, kama mgonjwa au mgeni.

Nijibu yote.

Damian


Bukoba, 11 Februari 1979

Baba mkubwa,

Shikamoo. Nashukuru kwa habari za ndama.

Wewe umekaa kwenye migomba na vitabu vyako. Mimi nimekaa na watu waliokuja kuchinja na kuiba kwetu mpaka mabati ya nyumba. Nimewaona wazee waliovuka mto bila chochote. Ulisema niulize kwa bidii, nikauliza kwa bidii. Sasa nimeleta jibu, unarudi kuniuliza nilivyoulizia. Jibu ulilitaka la namna gani, waitu, mzee wetu? Lenye muhuri?

Mutyaba yupo. Yu hai. Anaumwa kidogo.

Matanga ni yenu, fanyeni mnavyotaka.

R.


Rubya, 4 Machi 1979

Mwanangu Rwegasira,

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Ma Anatolia aliponiona naisoma mara ya tano aliniambia, "Mwandikie ile ya Kenya." Kwa miaka thelathini na saba ni yeye peke yake aliyeijua. Basi naandika, na safari hii sitataja kifungu chochote.

Kwanza, una haki. Mimi ndiye niliyeandika "kwa bidii", na sikuandika maana yake. Mtu aliyesoma sheria akimtuma kijana mwenye uchungu kwenye ghala lililojaa adui, halafu akaacha maneno mawili bila kuyafafanua, amefanya makosa ya kwanza. Hayo ni yangu.

Mwaka 1942 nilikuwa karani katika kambi ya mateka wa Kiitaliano huko Kenya. Unajua nilikuwa askari, watoto wote mnajua, kwa sababu nawaonyesha koti. Siku moja blanketi mbili zilipotea stoo, na daftari la stoo lilikuwa langu. Sajini Mwingereza akaniambia nisipozipata, nitavuliwa kazi na kurudishwa nyumbani. Kulikuwa na mateka mmoja, seremala, mtu wa makamo, aliyekuwa akiingia stoo kurekebisha rafu. Nilimwita nyuma ya jiko, nikavua mkanda.

Alikana mara nne. Mara ya tano akakubali. Akaniambia hata alikoziuza, kwa mwanamke gani, na rangi ya kitenge cha mwanamke yule. Nilifurahi sana, Rwegasira. Nilijiona mpelelezi. Akafungwa siku kumi na nne katika chumba cha bati, na huko ndiko alikoanza kukohoa. Wiki ya tatu blanketi zikaonekana kwa dobi, alikuwa amezichanganya na mashuka ya maofisa. Mwanamke mwenye kitenge hakuwahi kuwepo.

Mtu anayepigwa hatafuti ukweli. Anatafuta neno litakalosimamisha mkanda, na kwa kuwa neno hilo liko kichwani mwa anayempiga, analisoma usoni mwake na kumrudishia. Nilimpiga mpaka akaniambia nilichokuwa nakifikiri. Baadaye nilipokaa kwenye kiti cha hakimu, kila askari aliyeniletea ungamo lililonyooka mno, nilikuwa namtazama mshtakiwa mikono na mgongo kabla ya kusoma karatasi. Wakaniita hakimu mgumu.

Sikumwomba yule seremala msamaha. Nilikuwa na nafasi ya miezi minane kufanya hivyo, tukipishana kila siku. Nilimwandalia maneno, kisha nikawa nageuza njia. Jina lake silijui. Nilikuwa karani, majina yote yalipita mikononi mwangu, na lake sikulishika.

Nakuuliza jambo moja tu. Anayeumwa kidogo, anaumwa wapi?

Pasaka ni tarehe kumi na tano Aprili. Kagaruki anahesabu siku.

Baba yako,
Damian


Bukoba, 10 Aprili 1979

Baba mkubwa,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa chini ya gari la Hamidi, kwa sababu ya mvua, na nimemwapisha asitoe neno lolote kwa mdomo wake mpaka wewe umalize kusoma. Amesema, "Mimi sasa bubu, koplo." Mimi si koplo tena. Nitaeleza.

Siku Mutyaba alipoletwa pamoja na wengine wanne, barua yako ya kwanza ilikuwa bado mfukoni mwangu. Nikamkalisha pembeni, nje ya ghala, nimwulize. Nilikuwa na kile kifurushi cha kahawa ya kutafuna alichonipa Ma Anatolia. Unajua mkono unavyozoea. Mtu ameketi mbele yako, unafungua kifurushi, unampa. Nilimpa kabla sijafikiri kwamba ni adui. Akaipokea kwa mikono miwili, kama sisi, akasema asante kwa Kiganda, maneno karibu sawa na yetu. Kwao pia mtu akikupa kahawa, kati yenu hakuna kisu.

Nikamwuliza juu ya wachungaji. Akasema hajui. Nikamwuliza tena. Akasema hajui, alikuwa nyuma na lori la mafuta. Ndipo nikamwona Klaudia kwenye mihogo, kana kwamba nilikuwepo. Nikampiga kwa kitako cha bunduki, baba mkubwa. Kahawa ilikuwa bado mdomoni mwake. Niliona punje moja ikidondoka na damu.

Sikuishia hapo. Nilimwuliza kama ni darajani, akasema darajani. Nilimwuliza kama alikuwa mfupi, akasema mfupi. Kesho yake nilimwuliza kama labda ni kwenye kivuko, akasema ndiyo, kwenye kivuko. Hiyo ya kivuko sikukuandikia. Nilikwisha lijua lile uliloniandikia mwezi wa tatu, la anayepigwa kumrudishia mpigaji neno lake mwenyewe, kabla hujaliandika. Nilitaka tu mambo yaishe, Klaudia alie, nami nipate usingizi.

Mkono wake wa kushoto ulivunjika karibu na kiwiko, ukaunga vibaya. Niliandika kwenye daftari la zamu kwamba alianguka kutoka kwenye lori.

Nilipomaliza kusoma habari za seremala, nilikwenda kwa Luteni Omary, mkuu wa kambi. Nikamwambia, "Afande, daftari la tarehe thelathini Desemba lina uongo, na mwandishi ni mimi." Alifunua daftari. Akasema, "Unajua nalazimika kuandika?" Nikasema, "Andika, afande." Akauliza kama wapo wengine waliofanya hivyo. Nikamtajia yale niliyoyaona kwa macho, si ya kusikia. Nimevuliwa cheo mbele ya gwaride, nimekaa rumande siku ishirini na moja, na kesi yangu ikimalizika huenda nikaongezewa. Vijana wa zamu yangu wengine hawanisemeshi. Mmoja aliniita mke wa Mutyaba. Nikaendelea kuchota maji.

Lakini sikiliza yaliyofuata. Mutyaba amepelekwa hospitali, daktari akauvunja mkono tena na kuunyoosha. Mateka wote wameandikwa upya, jina, cheo, tarehe, namba, na kila mmoja amepewa kadi moja ya kupeleka kwao, kusema tu kwamba yu hai. Luteni amebandika ukutani karatasi ya Kiswahili yenye mambo wasiyotakiwa kutendewa. Baadhi yameandikwa kama yalivyo kwenye barua yako ya Januari. Nilimpa, nisamehe sikukuomba ruhusa.

Nilikwenda kwa Mutyaba wodini. Sikugeuza njia. Nilisimama pale na maneno yote yakapotea, nikasema tu, "Nilikukosea, na nimeshasema kwa mkubwa wangu." Aliulaza mkono wake wenye plasta juu ya mto. Halafu akasema, "Wachungaji wenu sikuwaona. Sijui walikokwenda. Ningejua ningekwambia siku ile ya kwanza, wakati wa kahawa."

Hilo ndilo jibu lake, baba mkubwa, na ndilo pekee nililolipata bila kumgusa. Hajui. Mwambie Klaudia kwamba hakuna aliyemwona Nathanael amekufa. Na mwambie aliyesema amekufa ni mimi, kaka yake.

Ta Kagaruki asizike.

Rwegasira


Rubya, 10 Juni 1979

Mwanangu Rwegasira,

Tumsifu Yesu Kristo, na safari hii tumsifu kwa sauti. Koplo amekua na ameachishwa ziwa. Ma Anatolia amekataa kumvua cheo. Amesema yeye hakuwa kwenye gwaride.

Barua yako iliingia Jumamosi Kuu, mchana. Niliisoma mbele ya watu wawili, Klaudia na Kagaruki, na sikuruka mstari, hata ule ambao ungependa niuruke. Klaudia alisikiliza mpaka mwisho, akaenda nyuma ya nyumba, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Aliporudi alisema, "Basi hajui. Hajui ni afadhali." Kagaruki alichukua panga lake, akasimama mlangoni, akasema, "Ta Damian, Pasaka nyingine?" Nikamwambia, "Hata kumi." Akaenda kupalilia kibanja cha ndugu yake. Amekuwa akikipalilia tangu siku hiyo, na mimi nimetubu kwa yale niliyomdhania.

Alhamisi ya tarehe saba, saa za mchana, Ma Anatolia alikuwa akimenya ndizi. Akaona mtu anapanda kutoka barabarani, mwembamba, hana kofia. Mtoto yule asiyetaka kushuka mgongoni alishuka.

Ni Nathanael. Yu hai, amekaa hapa karibu yangu nikiandika. Walimswagisha ng'ombe hadi ndani ya Uganda, akawa mchungaji wa mifugo ya ofisa mmoja. Vita ilipowafikia, ofisa alikimbia na kuwaacha wao na ng'ombe. Ametembea wiki tano. Wenzake wawili pia wamefika kwao. Mengine hataki kuyasema. Ana makovu mgongoni ambayo Klaudia ameyaona na mimi nimeyakisia, na nimemwambia hakuna atakayemwuliza kwa bidii.

Jambo la kwanza aliloliuliza baada ya kunywa maji lilikuwa: "Nani amekata mgomba wangu wenye mkungu mchanga?" Kagaruki akasema, "Ulikuwa wewe huo." Tulicheka mpaka majirani wakaja kuona. Tumekubaliana kwamba Kagaruki atapanda mwingine palepale.

Jana nilimweleza habari zako, zote. Halafu nikaanza kumfafanulia Mkataba wa Tatu, kwa nini mateka ni dhamana na si mali. Akanikata: "Ta, hiyo ina sura ngapi?" Nikauacha mkataba. Kisha akauliza, "Huyo mwenye mkono, ameshapata barua ya kwao?" Wewe ndiye unayejua. Niandikie.

Kuhusu kesi yako, usitafute njia ya mkato. Sema yaleyale uliyoyasema kwa Luteni, wala usiyapunguze kwa sababu Nathanael amerudi. Kurudi kwake hakukuufanya mkono wa Mutyaba usivunjike. Angekuwa amekufa kweli darajani, kosa lako lingekuwa lilelile. Nikimaliza kuvuna nitakuja Bukoba, nikae benchi la nyuma siku utakaposimama. Nitavaa lile koti.

Klaudia amekuandalia kahawa. Aliichuma ikiwa mbichi, akaichemsha na majani yale ya kunukia aliyokuwa akitumia mama yenu, akaianika kwenye paa siku nne. Ni vifurushi viwili vya majani makavu ya mgomba. Kimoja ni chako, kingine ni cha Mutyaba. Nathanael mwenyewe ndiye aliyefunga kamba.

Mpelekee. Keti mahali ambapo anaweza kukuona mikono yote miwili. Asipopokea, usimsihi. Kiweke karibu naye, upande wa mkono ulio mzima, uondoke.

Akipokea, nawe fungua chako.

Baba yako mkubwa,
Damian Rugemalira